Mtoto wa miaka 8 na simu yake mwenyewe: yaliyonikuta Kisumu

Dadangu, umeuliza kama umnunulie mwanao wa miaka 8 simu janja kwa sababu unafunga duka saa mbili usiku na huna njia ya kujua kama amefika nyumbani. Swali hilo hilo nilijiuliza mwaka 2022, na nikalijibu vibaya.

Mimi nauza mitumba Kibuye. Jumapili ndiyo siku yetu kubwa ya soko, lakini hata siku za kawaida natoka Manyatta alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 9, mdogo wake 4. Tena tangu shule zilipofungwa Machi 2020 tulikuwa tumezoea kupokea kazi za watoto kwenye WhatsApp. Basi nikampa simu yangu ya zamani, nikaweka laini na bando.

Miezi miwili ya kwanza nilipumua. "Mama, tumefika." "Mama, tumekula." Kisha ujumbe ukapungua. Mwalimu akanipigia kwamba mtoto anasinzia darasani hata mapumziko ya saa nne hayajafika. Nikadhani ni minyoo, nikamnunulia dawa.

Usiku mmoja mdogo wake alikohoa, nikaamka. Saa nane na nusu. Blanketi la mkubwa lilikuwa linang'aa kwa ndani kama taa iliyofunikwa. Nilipolifunua nikamkuta amelala kifudifudi, simu ameiegemeza kwenye mto, chaja imechomekwa, sauti ameizima. Alikuwa kwenye mchezo ambao wachezaji huandikiana. Mtu aliyejiita mvulana wa miaka 12 alikuwa amemwuliza anasoma shule gani, mama hutoka saa ngapi, kisha akaomba picha yake akiwa na sare. Shule alikuwa ameshaitaja. Saa zangu pia. Picha bado. Niliketi pale kitandani hadi kukapambazuka, nayasoma yale maandishi kutoka juu hadi chini, mikono inatetemeka. Mtu nisiyemjua alifahamu ratiba ya nyumba yangu kuliko majirani wa ploti.

Niliyahifadhi yote, nikapiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Mshauri alinisihi nisimchape wala kumfokea, maana akiogopa hatanieleza tena. Mwalimu mkuu naye nikamweleza siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwako. Unachotaka ni kujua mtoto amefika, na kwa hilo kabambe, ile simu ndogo ya vitufe isiyo ya kuperuzi, inatosha. Inapiga, inapokea, na chaji yake inakaa siku kadhaa. Ya mwanangu ina namba tano: yangu, ya baba yake, ya nyanya yake Siaya, ya jirani, na ya mtu wa boda anayemrudisha. Kazi za shule zinafanywa kwa simu ya nyumba. Hiyo hukaa mezani sebuleni, mbele ya kila mtu, na ikifika saa mbili usiku inaingia kabatini pamoja na chaja. Hiyo chaja usiisahau.

WhatsApp na TikTok zenyewe zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini. Wa miaka 8 ataingia kwa kudanganya umri, na mara nyingi mzazi ndiye anayemjazia huo mwaka wa uongo. Mimi nilifanya hivyo. Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Wangu wa 4 nilikuwa nampa simu anyamaze nipike, saa zinapita.

Kuna wanaosema kwamba mtoto asiye na simu yake ataachwa nyuma. Sikubaliani kabisa. Wangu anajua kutafuta chochote mtandaoni, ila hutafuta akiwa ameketi karibu nami nikichambua omena, na akikutana na jambo la ajabu ananigeuzia kioo nione.

Haikuwa rahisi. Nilipoichukua ile simu alininunia wiki mbili, akijibu kwa kichwa tu. Wiki ya tatu, tukifunga mlango usiku, akaniuliza kama yule mtu angekuja kweli pale shuleni kumngoja. Kumbe siku zote hizo alikuwa amelibeba peke yake.