Mbio za kujifurahisha Menengai baada ya Krismasi

Dada, umeuliza utawapangiaje marafiki mbio nyepesi Menengai, kreta (shimo kubwa la volkano) iliyo karibu na mji wa Nakuru, tarehe 26 Desemba, na wengine hawajakimbia mwaka mzima. Fanyeni, ni wazo zuri sana!

Cha kwanza fikiria mwinuko. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unafika mita 2,278. Aliyeshuka juzi kutoka basi la Mombasa atahema mapema, hata kama kwao anakimbia vizuri. Kwa hiyo msianzie mjini. Pandeni kwa gari au bodaboda, mlipe ada ya kuingia msituni, kisha mfuate njia ya ukingoni na kurudi kwa njia ile ile. Hivyo kila mtu anageuza anapochoka bila kupotea, na wa mbele wakirudi wanakutana na wa nyuma. Hapo ndipo raha yenyewe ilipo.

Kushuka ndani ya kreta kuacheni siku hiyo. Kule chini ni mawe ya lava, yenye ncha, yanayogeuka chini ya kiatu. Kifundo kinateguka haraka na kumbeba mtu hadi juu ni kazi kubwa.

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza. Kila mtu abebe maji yake. Muda msipime kabisa, tafadhali. Zawadi apewe aliyevaa kichekesho zaidi. Halafu chai ya thamosi na chapati zilizobaki za Krismasi, mkiwa mmekaa kwenye majani mkitazama kreta.