Umeme unakatika mtaa mmoja tu kila jioni: jibu kutoka kwa aliyepanda nguzo miaka 17

Mleta uzi ameuliza hivi: Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Sasa kwa nini mtaani kwao Tanga umeme unakatika kila ikifika saa 1 usiku, na mtaa wa pili taa zinawaka kama kawaida? Wachangiaji wengi wamemjibu kwamba huo ni mgao wa kimyakimya. Naomba niseme ninachokijua, maana nimefanya kazi ya laini miaka 17 katika miji ya pwani, na swali hili nimeulizwa nikiwa juu ya nguzo mara nyingi sana.

Mkuu, jibu limo humo humo kwenye swali lako. Umeme ukipungua kwenye mitambo hauzimwi mtaa mmoja wenye nyumba 60. Inazimwa laini nzima, kata tatu au nne kwa mpigo. Mkizima ninyi na jirani anawaka, ugonjwa uko hapo hapo kwenu: transfoma yenu, fyuzi zake, au nyaya zinazotoka hapo kuja majumbani. Megawati za Rufiji haziwezi kuponya kiungio kilicholegea kwenye nguzo yenu.

Kuna transfoma moja sitaisahau. Ilikuwa ya kVA 100, imefungwa enzi mtaa ule una nyumba za taa na redio tu. Transfoma ya ukubwa huo inabeba kama ampea 144 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme mtaani. Miaka ikapita, zikaja friji za maduka, saluni, wachomeleaji wawili, na majiko ya umeme ambayo moja tu la wati 2,000 linakula karibu ampea 9. Fyuzi ikaanza kukatika kila jioni, fezi ile ile. Tunaitwa, tunabadilisha, tunaondoka. Kesho yake tena. Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima, na siku moja mwenzetu mmoja, kwa kuchoka kupanda, akaweka waya mnene mahali pa fyuzi. Wananchi walifurahi, umeme haukukatika tena. Baada ya wiki mbili transfoma ikaungua, mtaa ukakaa gizani siku 9. Kuna mama alikuwa anauza samaki na barafu, alimwaga mzigo wote mbele yetu. Hakutusema vibaya hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Transfoma mpya ilipofungwa, msimamizi wetu alitukataza kupima mzigo saa 4 asubuhi kama tulivyozoea. Alituambia turudi saa 1 usiku, wakati watu wanapika na biashara ziko wazi. Fezi nyekundu tukakuta ampea 205, njano 88, bluu 61. Jumlisha: 354. Transfoma ya kVA 100 ina uwezo wa 432, yaani 144 mara fezi tatu. Yaani hata ile iliyoungua ilikuwa inatosha mtaa mzima! Tatizo ni kwamba kila mteja mpya alikuwa ameungwa kwenye waya ulio karibu na mkono wa fundi, fezi moja ikabebeshwa mzigo wa mtaa na mbili zinakaa bila kazi. Tulihamisha nyumba 22 kwa siku mbili, tukazisawazisha, na mwaka mzima uliofuata sikupanda nguzo ile kwa ajili ya fyuzi. Kwa maelezo uliyotoa, mkuu, mimi naamini mtaa wenu una ugonjwa huu huu. Ombeni mzigo upimwe usiku, fezi kwa fezi, na ombeni kwa maandishi kupitia serikali ya mtaa.

Na umeme ukirudi ukakaa dakika mbili kisha ukazima tena, msidhani kuna mtu anawachezea. Friji zote zimepoteza baridi, umeme ukirudi zinaondoka kwa pamoja, na mota ikianza inavuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida. Fyuzi mpya haiwezi kuhimili. Umeme ukikatika chomoa friji na zima kiyoyozi, uache taa moja ya kukujulisha. Ukirudi, subiri dakika kumi. Nyumba ishirini tu zikifanya hivyo mtaa unapona.

Ukiona taa zinakonyeza mara mbili tatu kisha zinazima kabisa, hiyo ni nyingine. Kwenye laini kubwa, ya kV 11 au 33, kuna kifaa kinachokata na kujaribu kurudisha chenyewe. Kikikuta kasoro bado ipo, kinaacha. Mara nyingi kasoro yenyewe ni tawi la mwembe au kuti la mnazi linalogusa waya upepo ukivuma. Hapa wananchi na sisi mafundi tumegombana sana. Kila tukienda kusafisha mkuza, ile njia laini inapopita, tunakuta mwenye mwembe amesimama chini na panga. Namwelewa, maembe ni ada ya shule. Lakini tawi moja lisilokatwa Februari linazima vijiji vitano masika yakianza. Ukipanda mti, uache mbali na laini tangu mwanzo, na usikate mwenyewe tawi lililokwisha karibia waya. Nimeshabeba mwili wa kijana aliyejaribu.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine ambaye watu wa Dodoma hawamjui, chumvi. Upepo wa bahari unaipaka kwenye vikombe vinavyoshika waya, miezi ya kiangazi inaganda. Mvua kubwa inaiosha na hakuna shida. Hatari ni manyunyu ya kwanza, au umande wa alfajiri: chumvi inalowa, umeme unatambaa juu ya kikombe hadi kwenye mti wa nguzo, na nguzo inaanza kuungua kichwani. Watu wanashangaa, "mvua yenyewe ya rasharasha, umeme umekatika." Dawa yake inajulikana: vikombe vifutwe kabla mvua hazijaanza, na vya kigae vibadilishwe taratibu kuwa vya silikoni. Nguzo za mti nazo zigongwe nyundo pale zinapoingia ardhini. Inayolia kama ngoma imeoza ndani, iondolewe kabla haijajiangusha yenyewe.

Sisemi kwamba gridi haina lawama kabisa. Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikazima kwa saa kadhaa. Unguja ilitegemea waya mmoja tu wa baharini uliolazwa 1980. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa bara, na ndiyo maana wa pili, wa megawati 100, ulipowashwa 2013 watu walishukuru Mungu. Mji wenye njia moja tu ya kuingiza umeme hauna usalama, hata mabwawa yajae. Lakini hayo ni mara chache. Giza la kila wiki linazaliwa mtaani.

Jambo moja la dharura, tafadhali lisomeni. Ukiona taa zako zinawaka kwa ukali kuliko kawaida, au zako zinafifia na za jirani zinawaka kwa ukali, usipige simu kwanza. Zima swichi kuu. Waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme kwenye transfoma, umekatika, na nyumba ya fezi moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 badala ya 230. Nimekuta mtaa mzima televisheni zimeungua kwa sababu kila mtu alitoka nje kuuliza jirani kwanza.

Ukipiga simu ya dharura, usiseme tu "umeme hakuna huku kwetu." Sema saa ulipokatika, kama ulikonyeza, kama jirani wa ng'ambo anao, na utaje namba iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu nawe. Mleta uzi, leo kabla ya saa 1 toka ukaiangalie namba hiyo, uiandike ukutani pembeni ya mita.