Kamera ya ndege na wadudu hapa Mwanza: pima umbali kwanza

Mkuu, umeuliza ununue bodi gani (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi gani kwa ajili ya ndege na wadudu wa kando ya ziwa, na umesema hela yako inatosha kitu kimoja kizuri na kingine cha kawaida. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uitie yote kwenye bodi ya fremu kamili, ile yenye sensa (kipande kinachopokea picha) kubwa, lenzi zitafuata baadaye. Mimi nakataa, maana njia hiyo nimeipita.

Jiulize kwanza: kiumbe unayemtaka atakuacha umsogelee hadi wapi? Huku kwetu wengi hawakimbii mtu akiwa bado mbali. Mjusi wa miambani, yule dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, anaota jua juu ya mawe ya Capri Point na kule kisiwani Saanane. Ukienda taratibu, umechuchumaa, unamfikia hatua nne tano. Pimbi wa Saanane hali kadhalika. Korongo marabu na yangeyange wa pale Kirumba wamezoea watu na ndoo za samaki. Mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa, kisha anajitupa, na mara nyingi yuko mita kumi tu kutoka ulipo. Atakayekuhangaisha ni furukombe, kwa kuwa anapenda kukaa juu kabisa ya mti.

Mimi nilianza na lenzi ya kuvuta mbali, milimita 150-600. Ni lenzi nzuri, sitaisema vibaya, lakini ina uzito wa karibu kilo mbili na haishiki fokasi, yaani haitoi picha kali, kwa kitu kilicho chini ya mita mbili na nusu. Nikawa naenda nayo Luchelele kwenye matete, kerengende ananikalia mbele kabisa, nami narudi nyuma kinyumenyume kwenye tope ili nimpate. Akishaingia kwenye fokasi, amekuwa mdogo.

Kilichobadilisha picha zangu ni kitu cha bei ndogo sana: lenzi ya Canon 55-250, ile yenye herufi STM, gramu 375, inayoshika fokasi kuanzia sentimita 85, ikiwa juu ya bodi ya sensa ndogo. Mbele yake nabana Raynox DCR-250, kile kilenzi kidogo cha kubandika. Hesabu yake ni rahisi. Kina nguvu ya dayopta 8 (kipimo kama cha miwani), yaani kinashika fokasi kwenye sentimita kama 12 na nusu. Lenzi ikiwa kwenye 125 unapata mdudu kwa ukubwa wake halisi juu ya sensa. Ukivuta hadi 250, anakuwa mara mbili ya ukubwa wake. Sensa ya Canon ndogo ina upana wa milimita 22 hivi, kwa hiyo nyuki wa milimita 12 anajaza nusu ya picha hata kabla hujavuta mpaka mwisho. Na kilenzi hiki hakili mwanga kama vile vibomba vya kurefusha vinavyowekwa kati ya bodi na lenzi.

Ila ujue kwamba ukifika mara mbili, sehemu iliyo kali haifiki hata milimita moja. Fokasi ya mashine iache. Weka ya mkono, yumba polepole mbele na nyuma, bonyeza macho ya mdudu yanapokuwa makali. Utahitaji fleshi. Punguza nguvu yake, kwa sababu ikiwa ndogo mwanga wake ni wa muda mfupi mno na unagandisha mtikisiko wa mkono. Mbele yake mimi nimefunga kipande nilichokata kwenye ndoo nyeupe ya rangi, mwanga unatoka laini na mgongo wa kerengende haung'ai kama bati. Nenda alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mabawa yake. Hapo haruki.

Sasa hiyo fremu kamili. Bodi ya aina hiyo yenye megapikseli 24, ukikata picha ili ndege awe mkubwa kama anavyoonekana kwenye sensa ndogo, unabaki na megapikseli kama 10. Kweli inashinda gizani, sibishi. Lakini ndege akiwa mbali, hela ya tofauti ile ingekupa lenzi. Canon 7D Mark II ya 2014 na Nikon D500 ya 2016 bado ni mashine za kazi ukizipata zilizotumika. Ukitaka mpya zisizo na kioo ndani, bodi ya Canon R10 pamoja na lenzi ya RF 100-400 ni mseto ninaoupenda sana: lenzi ina gramu 635, unaibeba mtumbwini kwa mkono mmoja, na kwenye 400 inakuza mara 0.41, kipepeo anaingia vizuri bila kubandika kitu. Udhaifu wake ni mwanga, ni f/8 mwishoni, yaani tundu lake la mwanga ni dogo. Jua likishazama, funga begi.

Kuna jambo lililowahi kuniumiza. Nilipiga kuvuka maji kutoka Capri Point saa sita mchana, kila picha ikatoka imelegea, nikaamini lenzi ni mbovu na nikakaribia kuiuza. Kumbe mawe yakishapata moto, hewa inacheza kati yako na ndege, na hakuna lenzi inayoipenya. Siku iliyofuata, saa moja asubuhi, lenzi ileile ilinionyesha manyoya ya shingo ya furukombe. Kabla ya kulaumu kifaa, sogea au rudi asubuhi. Na mkiwa kwenye boti, usiegemeze lenzi ukingoni, mtetemo wa injini wote unaingia kwenye picha.

Ukinunua kilichotumika, nenda na tochi. Fungua lenzi, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata kama muuzaji anapunguza bei. Mimi niliuziwa moja hivyo dukani nikiwa sijui kuangalia, na ilinichukua miezi kugundua kwa nini picha za kupiga kuelekea jua zilikuwa na ukungu. Unyevu wa ziwa unaikuza haraka, kwa hiyo vifaa vyangu vinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani.

Andika hapa bei uliyotajiwa na hali ya kifaa kabla hujatoa hela, nitakusaidia kukikagua.