Kwa nini New York ina sahihi moja tu kwenye Katiba ya Marekani?

Alexander Hamilton ndiye pekee aliyetia sahihi kwa New York, nawe unauliza wenzake walikwenda wapi. Waliondoka! New York ilipeleka wajumbe watatu Philadelphia mwaka 1787, kwenye mkutano ulioandika Katiba: Hamilton, Robert Yates na John Lansing. Yates na Lansing walikuwa upande wa George Clinton, gavana wa New York, ambaye hakutaka serikali kuu yenye nguvu. Walipoona mkutano haurekebishi tena mkataba wa zamani uliounganisha majimbo bali unaunda dola mpya, wakafunga safari mwezi Julai wala hawakurudi.

Kura zilipigwa kwa jimbo, si kwa kichwa, na mjumbe mmoja hakutosha kuipigia New York. Kwa hiyo Hamilton alibaki na mdomo bila kura. (Naye alikuwa mtoro kiasi, tusimpambe sana.) Hata hivyo aliingia kwenye kamati iliyosawazisha lugha ya rasimu, na Septemba 17 akatia sahihi peke yake kwa jimbo lake.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuja baadaye nyumbani: Julai 1788, mkutano wa jimbo mjini Poughkeepsie ulipoidhinisha Katiba kwa kura 30 dhidi ya 27, Yates na Lansing wakiwa bado wanapinga.