Maswali na Majibu: Mbio za Hisani Haziezeki Paa

Safu iliyopita kuhusu Sagicor, kampuni ya bima ya Barbados, na misaada yake kwa jamii imeleta barua nyingi. Najibu chache.

Kampuni hii ilianza lini?
1840. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya safu. Tusome jamani.

Kampuni kongwe namna hiyo si lazima inaijali jamii kuliko hizi za juzi?
Si lazima. Ilianza kama Barbados Mutual, na wakata bima wenyewe ndio waliokuwa wenye mali. Mwaka 2002 ikageuzwa kampuni ya hisa, wakata bima wakagawiwa hisa, jina likawa Sagicor. Tangu 2019 hisa zake zinauzwa Toronto. Maoni yangu: wajibu kwa jamii huanza kuandikiwa ripoti pale jamii inapoacha kuwa mwenye duka.

Mbona unaikejeli Sigma Run, mbio za hisani za Sagicor? Watoto wagonjwa wanasaidiwa.
Siikejeli. Kila mwaka maelfu ya watu hukimbia Kingston, Jamaika, na fedha huenda hospitalini na kwenye taasisi za watoto. Vifaa vikinunuliwa, vimenunuliwa. Ila wakimbiaji hulipa kiingilio, na kampuni nyingine huchangia. Basi ukisoma tarakimu ya misaada ya kampuni yoyote, uliza ngapi zimetoka kwenye faida yake na ngapi mifukoni mwa watu waliovaa fulana yake.

Baada ya kimbunga, kampuni ya bima isiwalipe watu hata zaidi ya mkataba, kwa huruma?
Hapana! Ilipe kilichoandikwa, na ilipe upesi. Kimbunga Beryl kilipoipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024, serikali ya Grenada ililipwa zaidi ya dola milioni 40 za Marekani na CCRIF, mfuko wa bima wa serikali za Karibi, bila kusubiri miezi, kwa sababu mfuko huo hulipa kwa vipimo vya kimbunga chenyewe. Mwenye nyumba hana bahati hiyo. Anamsubiri mkadiria hasara, kisha anakutana na sharti la wastani: ukikata bima pungufu ya thamani, fidia nayo hupunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Nyumba ina thamani ya dola 200,000, yeye kaikatia bima ya 100,000 ili apunguze malipo ya mwaka. Paa linang'oka, hasara 60,000. Anadhani atapewa zote, kwa kuwa hazijafika laki. Atapewa 30,000, kwa kuwa alikata bima ya nusu ya nyumba. Wakala anayemkalisha mteja na kumweleza hesabu hiyo kabla ya tarehe 1 Juni, msimu wa vimbunga unapoanza, ameisaidia jamii kuliko bango lolote la udhamini. Na wewe unayesoma hapa, thamani uliyoandikisha ni ya mwaka gani?

CLICO nayo ilidhamini kriketi. Haikuwa kampuni njema?
CLICO, kampuni ya bima ya Trinidad iliyoanzishwa 1936 na Cyril Duprey, ilikuwa fahari ya visiwa vile. Januari 2009 serikali ikalazimika kuliokoa kundi zima la CL Financial, lililomiliki CLICO. Watu walikuwa wameweka akiba za uzeeni kwa kuvutwa na riba nono, wakabaki kusubiri miaka. Riba ikizidi ya wenzake wote, kimbia, hata kama kampuni imejenga uwanja.

Nitajuaje kampuni inayojali kweli?
Uliza madai hulipwa baada ya siku ngapi, na mangapi yalikataliwa mwaka jana. Ukijibiwa kwa picha ya hundi kubwa ya kadibodi, rudia swali.

Ninunue hisa za Sagicor?
Muulize dalali wako. Hapa hatuuzi hisa.