Wasomaji Wanauliza: Simu Yangu Inaishia Wapi?

Barua tatu za toleo hili zinahusu vipindi vya mijadala katika redio za mitaa. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa wasomaji wengi wametuandikia malalamiko yanayofanana nayo.

Swali: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga simu katika kipindi cha asubuhi kulalamikia mfereji wa majitaka uliopasuka mtaani kwetu. Mara nyingi laini huwa inatumika, na nikibahatika kupokelewa, mtangazaji hunikatiza pindi ninapomtaja diwani kwa jina. Wachangiaji wanaosikika ni walewale kila siku. Je, vipindi hivi vina faida, au ninamaliza salio bure?

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na hao walewale. Niliwahi kukaa miaka kadhaa nyuma ya kioo cha studio, kwenye meza ya kupokea simu, na ninawajua. Wanaanza kupiga kabla muziki wa kufungulia kipindi haujaisha, wanajua ni dakika ipi mtangazaji hurudi kutoka kwenye matangazo, na wengine hunisalimu kwa kunitaja jina. Hawavunji kanuni yoyote. Anayeamua nani asikike ni mpokea simu, ambaye humwuliza kila mpigaji jina lake, anakopigia na anachotaka kusema, kisha humwashiria mtangazaji laini ya kufungua. Kituo kikiweka utaratibu kwamba anayepiga kwa mara ya kwanza atangulie, sauti hubadilika katika muda mfupi tu. Kwa hiyo ukipokelewa, sema tangu mwanzo kwamba hujawahi kusikika au kwamba una habari mpya, na uieleze kwa sentensi moja. Mpokea simu hana muda wa kusikiliza ya pili.

Kukatizwa kunaweza kuwa na sababu njema au mbaya. Katika nchi nyingi kituo huwajibika kisheria kwa kashfa inayorushwa hewani hata kama aliyeitamka ni mpiga simu, na ndiyo maana vituo vyenye uwezo huchelewesha matangazo kwa sekunde chache, ili mtangazaji awahi kubonyeza kitufe kabla neno halijawafikia wasikilizaji. Sasa pima maneno yako mwenyewe. Ukisema, "Diwani tumemwandikia barua mbili kuhusu mfereji na hajajibu," umetoa ushahidi wa jambo unalolijua. Ukisema, "Diwani amekula fedha za mfereji," umemtuhumu kwa kosa la jinai, na mtangazaji asiye na uthibitisho mkononi hana budi kukuzuia. Lakini ikiwa hata ile sentensi ya kwanza inakatwa, basi uliza ni nani anayelipia matangazo ya kituo hicho, na ni nani anayepita studio na bahasha.

Kuhusu faida, jibu langu ni kwamba simu yako ina thamani ikiwa kuna mtu anayeiandika. Kituo nilichofanyia kazi kilikuwa na daftari kubwa la kaunta, lenye jalada lililochakaa, ambamo tuliandika kila ahadi iliyotolewa hewani: nani ameahidi, nini, na lini. Mhandisi mmoja aliletwa studio kwa sababu ya mfereji kama wenu, akaahidi kwamba kazi ingekamilika kabla ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo ilipofika mtangazaji alisoma ahadi yake neno kwa neno kutoka kwenye daftari, kisha akampigia simu hewani. Haikupokelewa. Wasikilizaji wote waliusikia ule mlio ukiita mpaka ukakatika wenyewe, na mtangazaji, kwa busara ambayo sijaisahau, hakuongeza neno. Wiki iliyofuata mhandisi alikuja mwenyewe akiwa na mchoro wa mfereji chini ya kwapa. Ukarabati ulichukua miezi minne zaidi, na kila mwezi tulifungua daftari. Basi kiulize kituo chenu kama kinalo.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya redio ya jamii na redio nyingine yoyote ya hapa mtaani?

Jibu: Tofauti iko kwenye umiliki na fedha, kwa maana redio ya jamii haiendeshwi kwa faida na jamii yenyewe hushiriki kuisimamia, ilhali redio ya kibiashara, hata ikiwa ndogo kiasi gani, ina mwenyewe. Nchini Bolivia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wachimbaji wa migodi walikubali kukatwa sehemu ya mishahara yao ili waendeshe redio zao wenyewe. Mwaka 1980 jeshi lilipopindua serikali, vituo hivyo viliunganisha matangazo na kuendelea kusema hadi askari walipoviteka. Katika mji wa Berkeley, Marekani, kituo cha KPFA kilianza mwaka 1949 kikitegemea michango ya wasikilizaji. Bush Radio ya Cape Town ilirusha matangazo bila leseni mwaka 1993, ikapata leseni mwaka 1995. Lakini jina pekee lisikudanganye: nimeona redio za jamii ambazo bodi yake haijawahi kuitisha mkutano.

Swali: Kikundi chetu cha vijana kinapinga kuuzwa kwa uwanja wa wazi. Redio imekubali kutupa saa nzima, ila kwa sharti kwamba maofisa wa mji nao waalikwe. Je, hilo si kutudhoofisha?

Jibu: Hapana, na ningekuwa ninyi ningelidai sharti hilo mimi mwenyewe. Marekani ilikuwa na kanuni, kuanzia 1949 hadi 1987, iliyovitaka vituo vishughulikie masuala yenye maslahi kwa umma na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliiunga mkono, ikisema kwamba haki iliyo juu ni ya wasikilizaji, wala si ya wenye vituo. Baada ya kanuni hiyo kufutwa, vipindi vya mjadala vyenye mrengo mmoja vilishamiri. Rwanda inatuonyesha mwisho wa mbali kabisa wa njia hiyo: redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilifika mahali pa kusoma hewani majina ya watu wa kuwindwa. Silinganishi uwanja wenu na msiba huo. Nataka tu mjue kwa nini mtayarishaji makini huogopa saa nzima ya upande mmoja.

Isitoshe, ofisa aliyekaa mbele yenu ni rahisi kumuuliza kuliko ofisa asiyekuwepo. Uganda ilikuwa na mijadala ya hadhara iliyoitwa ebimeeza, jina lenye asili moja na meza yetu, ambapo mwananchi wa kawaida aliweza kushika kipaza sauti huku redio ikirusha moja kwa moja. Serikali iliipiga marufuku mwezi Septemba 2009, wakati wa ghasia za Kampala, na sioni kwamba ingejisumbua kuzima maongezi yasiyo na uzito.

Nendeni na nakala ya hati ya uwanja, na si mabango. Chagueni wasemaji wawili tu, mmoja wa historia ya uwanja na mwingine wa sheria, maana wanne wakizungumza kwa pamoja msikilizaji hamtambui yeyote. Ofisa akikataa kuja, ombeni mtangazaji aseme hewani kwamba alialikwa, tarehe gani, na kwa barua au kwa simu. Na akija, swali la kwanza liwe hili: kikao kilichoidhinisha mauzo kilifanyika lini, na muhtasari wake uko katika ofisi gani?