Usiende kwenye mitumba ya Mwanjelwa peke yako

Mji wa Mbeya uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi hutoki nje bila sweta. Kila mwaka kabla baridi haijakaza, sisi marafiki watatu tunatenga Jumamosi nzima kwa ajili ya mitumba ya Mwanjelwa: mimi, rafiki yangu mwalimu, na mwenzetu fundi cherehani. Zamani nilikuwa naenda peke yangu, na nguo nyingi nilizorudi nazo sikuzivaa hata mara mbili.

Shida ya kule ndani ni mwanga. Vibanda vimebanana, juu bati, mbele nguo zimening'inizwa mpaka njia inaziba, na kwenye kiza kile sweta lililochakaa linaonekana jipya. Fundi wetu hanunui kitu kabla hajakitoa hadi penye jua. Mwaka jana nilishika sweta la sufu la kijani, nikalipenda papo hapo. Akalichukua, akaingiza mkono ndani, akalinyanyua juu. Mwanga ukapenya kwenye vitundu vidogo sana karibu na kwapa, vinne au vitano. Nondo. Ukilifua mara moja tu, vitundu vile vinaachia. Tukalirudisha. Tangu siku hiyo naangalia kwapa, kola na ncha za mikono kabla sijaangalia rangi. Zipu mbovu isikutishe, inabadilishwa. Kitambaa kilichochoka hakina dawa.

Viatu vilinifunza kwa machungu. Nilinunua buti safi kabisa, ngozi haina mkunjo, na siku ya tatu soli ikamong'onyoka nikiwa njiani, mvua inanyesha. Kumbe soli zile nyepesi za povu huoza zenyewe kwa unyevunyevu, hata kiatu kikikaa bila kuvaliwa. Kwa hiyo kunja kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji na ubonyeze soli kwa kucha. Ikiacha unga, achana nacho. Vifaa vya umeme navyo visome kibandiko chake: Marekani wanatumia volti 120, Japani 100, sisi 230.

Belo likifunguliwa asubuhi, nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, huondoka mapema. Muulize muuzaji wako anafungua siku gani. Atakwambia, ukiwa mteja wa kurudi. Jioni mzigo hushuka bei na kuwekwa mafungu, na hapo ndipo mwalimu anapowanunulia watoto wake. Mwende na noti ndogondogo, na kila mtu aje na kitu kimoja anachokitafuta kwa dhati. Sisi tukiwa watatu tunatafuta vitu vitatu kwa macho sita. Koti langu la mwaka huu aliliona mwalimu, mimi nilikuwa nimeshalipita.

Kwenye bei, rafiki asisifie nguo mbele ya muuzaji. Ukisema "jamani inakupendeza!" umeshapandisha bei ya mwenzio. Lakini pia msiende kumzonga mama wa watu, ninyi watatu yeye mmoja, mpaka akose hata nauli. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na la Sido, hapo hapo Mwanjelwa, likaungua mwaka 2017. Wapo waliopoteza mtaji wote, wakaanza upya na belo la kukopa. Mimi huwa nasema, "Mama, nipunguzie kidogo, nitarudi," na narudi kweli. Mmoja sasa ananiwekea makoti chini ya meza. Nikimwambia "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, anacheka, ananiita mkwe.

Saa saba tunakaa chini. Msiruke hapo, maana mtu mwenye njaa hununua ovyo. Wali wa Kyela, maharage, parachichi, kisha kila mmoja anatoa alichonunua na wenzake wanakikagua upya mezani. Kikionekana na kasoro, bado kuna muda wa kukirudisha kwa maelewano.

Ukifika nyumbani loweka, fua, anika juani, na zinazovumilia moto zipige pasi mpaka kwenye mishono. Sufu usiitie maji ya moto, itarudi saizi ya mtoto. Koti langu liko kwa fundi sasa hivi, anabadilisha zipu. Amesema Alhamisi nikalichukue, na Jumamosi tunarudi tena, mwalimu bado hajapata buti za mwanawe.